Ndiyo Utaratibu

Katika hospitali niliyoanzia kazi ya uuguzi kulikuwa na kitabu kinene chenye jalada jeusi, kilichokaa daima ndani ya kabati la sista mkuu wa wodi ya wazazi. Kurasa zake zilikuwa zimepigwa taipu, na pembeni mwake palikuwa na nyongeza za kalamu za masista waliotutangulia. Wengine wao walikuwa wamekwisha rudi kwao Ulaya, wengine walikuwa wamekwisha fariki dunia. Humo mliandikwa kila jambo ambalo mkono wa muuguzi ungeweza kulitenda: namna ya kutandika kitanda, namna ya kumwogesha mgonjwa asiyeweza kujigeuza, namna ya kupima joto, namna ya kusafisha kidonda. Sisi vijana tulikiita Torati. Tulisema hivyo kwa mzaha, lakini tulikiogopa kwelikweli.

Kitabu kile kilieleza nini kifanywe, na nani akifanye, na saa ngapi. Hakikueleza kwa nini.

Ukurasa wa leba ulianza kwa kumpokea mama na kumpima. Baada ya hapo anyolewe sehemu za siri, apigwe enema ya maji ya sabuni, aoge, ndipo apande kitandani. Kazi hiyo niliifanya kwa mamia ya akina mama. Wembe ulikuwa ule ule wa dukani, na baada ya kumaliza na mama mmoja ulitumbukizwa katika dawa kumngojea mwenzake.

Usiku mmoja wa mwaka 1978 alikuja mama mtu mzima, mwenye uzazi wa tano. Alikuwa ametembea kwa miguu pamoja na dada yake kutoka kijiji kisichokuwa karibu. Uchungu ulikuwa umeanza lakini haujakolea. Nilipomkaribia na trei yangu aliutazama wembe, akanitazama na mimi, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, mimi nimekuja kuzaa. Wembe ni wa nini?"

Nilikuwa na umri wa miaka 23. Jibu sikuwa nalo, na kwa kuwa sikuwa nalo nilipandisha sauti. Nikamwambia: "Mama, ndiyo utaratibu."

Akanyamaza. Mimi nikaitwa chumba cha pili kumsaidia mwenzangu, na niliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Yeye na dada yake walikuwa wamekwisha kuondoka, usiku ule ule, na mtoto yu njiani. Katika daftari la leba niliandika neno tulilozoea kuwaandikia watu wa namna hiyo: Ametoroka. Sikumwona tena, wala sikupata habari zake.

Insha hii inahusu lile swali lake. Lilinichukua miaka karibu 20 kuanza kulitafutia jibu. Nilipolipata, nilikuta kwamba lilikuwa limeandikwa tangu mwaka 1922, yaani miaka 56 kabla ya usiku ule.

Kwanza tutazame wembe uliingiaje wodini, maana hakuna utaratibu unaozaliwa bila mzazi. Mzazi wa huu alikuwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya haki. Katika karne ya 19 wanawake waliojifungulia hospitali za Ulaya walikufa kwa wingi kwa homa ya uzazi. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Hospitali Kuu ya Vienna. Huko kulikuwa na kliniki mbili za uzazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wa udaktari. Ya pili ilihudumiwa na wakunga na wanafunzi wao. Mwaka 1846 katika kliniki ya madaktari walikufa akina mama zaidi ya 11 katika kila 100. Katika kliniki ya wakunga hawakufika 3. Wanawake wa mji ule waliijua tofauti hiyo bila kusoma takwimu yoyote, na walilia na kusihi wasipelekwe upande wa madaktari.

Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, alihangaika kutafuta sababu. Mwezi Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alifariki baada ya kujeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, na mwili wake ulionyesha dalili zile zile za akina mama waliokufa. Semmelweis akatambua kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaingia kuzalisha, na mikono yao ndiyo iliyobeba mauti. Wakunga hawakupasua maiti. Mwezi Mei mwaka ule aliamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 vifo katika kliniki ya kwanza vilishuka hadi kama 1.3 katika kila 100, sawasawa na ile ya wakunga.

Mtu angedhani kwamba Ulaya nzima ilimshukuru. La hasha. Wakubwa wengi wa taaluma walimkataa, kwa sababu hakuweza kueleza kwa lugha ya wakati ule kitu gani hasa kilichobebwa na mikono, na pia kwa sababu ni vigumu kwa bwana mkubwa kuambiwa kwamba mikono yake inaua. Alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Kunawa mikono, jambo lililokuwa na ushahidi wa kuonekana kwa macho, kulingoja miaka mingi kabla ya kukubaliwa.

Baadaye Joseph Lister alichapisha mwaka 1867 njia yake ya kuua vijidudu katika upasuaji, na elimu ya vijidudu ikaenea. Sasa watu wakawa na adui mwenye jina. Mwishoni mwa karne ile na mwanzoni mwa karne ya 20, uzazi ulipozidi kuhamia hospitali, wataalamu walijiuliza vijidudu vinajificha wapi. Wakajibu: katika nywele, na katika choo kikubwa. Basi nywele zinyolewe, na utumbo usafishwe. Wengine waliongeza kwamba enema huchochea uchungu na kuufupisha. Ukiyasikiliza mawazo hayo unayaona yana mantiki. Hata mimi yangenishawishi. Kasoro yake ni moja tu: hakuna aliyekuwa amepima. Kunawa mikono kulipimwa kukakataliwa. Wembe ukakubaliwa bila kupimwa.

Waliokuja kuupima walikuwa Wamarekani wawili, Johnston na Sidall, mwaka 1922. Waliwachukua akina mama 389, wakawagawa kwa zamu: huyu akatayarishwa kwa kunyolewa kama desturi, anayefuata akapunguzwa nywele tu bila wembe. Kisha wakahesabu waliopata homa baada ya kujifungua. Hawakuona tofauti. Mwaka 1965 Kantor na wenzake, huko huko Marekani, walirudia jambo hilo kwa akina mama 150. Tena hapakuwa na faida ya wembe; zaidi ya hayo, baadhi ya aina za bakteria zilionekana kwa wachache zaidi miongoni mwa wale ambao hawakunyolewa. Mwaka 2005 utafiti mwingine ulichapishwa nchini Thailand, wa akina mama 500. Ukijumlisha zote tatu unapata wanawake 1,039, na hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba wembe ulimkinga mama. Kuhusu enema, tafiti nne zenye wanawake 1,917 zilipochambuliwa kwa pamoja hazikuonyesha kwamba inapunguza maambukizo, kwa mama wala kwa mtoto.

Ni lazima niwe mwadilifu hapa. Tafiti hizo si kubwa, na ile ya kwanza ilifanywa kwa njia ambayo leo ingekosolewa. Hazithibitishi kwamba wembe wa leba unaua. Zinachosema ni kwamba faida iliyodaiwa ilitafutwa isipatikane, wakati ambapo mwasho, michubuko na fedheha vilikuwapo bila kutafutwa. Nami naona kwamba mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayeshika wembe, si anayeukataa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka kwenye wodi za upasuaji. Huko nako tulinyoa. Mgonjwa wa ngiri au wa kidole tumbo alinyolewa jioni ya kuamkia upasuaji, ili asubuhi asicheleweshe zamu. Mwaka 1971 Seropian na Reynolds walichapisha matokeo yao kutoka kwa wagonjwa 406. Waliponyolewa kwa wembe, vidonda vilivyopata maambukizo vilikuwa asilimia 5.6. Walipotolewa nywele kwa dawa ya kupaka, au wasipotolewa kabisa, ilikuwa asilimia 0.6. Kisha wakatazama saa. Walionyolewa muda mfupi tu kabla ya kupasuliwa walikuwa asilimia 3.1, walionyolewa ndani ya saa 24 kabla walikuwa asilimia 7.1, walionyolewa mapema zaidi ya hapo walizidi asilimia 20. Miaka miwili baadaye Cruse na Foord wa Kanada walitoa hesabu ya vidonda 23,649, na mwelekeo ulikuwa ule ule: asilimia 2.3 kwa walionyolewa, 1.7 kwa waliopunguzwa nywele kwa mashine, na 0.9 kwa walioachwa kama walivyo.

Sababu ni rahisi kuelewa. Wembe, hata ukishikwa na mkono hodari, huacha mikato midogo isiyoonekana kwa macho. Katika mikato hiyo bakteria wa ngozi huingia na kuzaana, na kadiri unavyowapa muda ndivyo wanavyoongezeka. Kwa hiyo ile saa tuliyoichagua sisi, jioni ya kuamkia upasuaji, tuliichagua kwa kufuata nafasi ya zamu, na tukawapa vijidudu usiku mzima. Nasema hivi bila kumlaumu mtu. Mikono iliyofanya hivyo ni pamoja na yangu.

Sasa niruhusu, msomaji, nirudi wodini. Miaka ya 1980 ugonjwa wa UKIMWI uliingia. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Hofu ilipotufikia, wembe wa kushirikiana ulikoma. Tukawaagiza akina mama waje kila mmoja na wembe wake, pamoja na uzi, pamba na kanga. Tulijiona tumefanya mageuzi makubwa, na kwa upande wa usalama yalikuwa makubwa kweli. Lakini angalia tulichobadilisha: tulibadilisha mnunuzi wa wembe. Swali la yule mama, wembe ni wa nini, hatukuligusa.

Kumbe wenzetu walikuwa wamekwisha kuligusa. Mwezi Aprili 1985 Shirika la Afya Duniani lilifanya mkutano mjini Fortaleza, Brazil, na miongoni mwa mapendekezo yake lilisema kwamba hakuna haja ya kunyoa wala kupiga enema kabla ya kuzaa. Mwaka 1996 shirika hilo lilitoa mwongozo wa huduma ya uzazi wa kawaida, na humo mambo hayo mawili, yakifanywa kama desturi kwa kila mama, yaliwekwa katika fungu la yale ambayo ni wazi yana madhara au hayafai kitu.

Nakala ya mwongozo huo ilifika kwetu mwaka 1997, wakati nilipokuwa nimeteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ndogo ya kuandika upya ile Torati. Nilikuwa nimetarajia kazi ya kusahihisha taipu. Nikajikuta na kazi ya kuuliza, mstari kwa mstari, kwa nini. Tulikuwa watu wanne kuizunguka meza moja. Ukurasa wa leba ulipofika, mkunga mwenzangu mmoja, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi, mtu niliyemheshimu na ninayemheshimu hadi leo, aliweka miwani yake mezani akasema:

"Mdogo wangu, mimi nimenyoa miaka 30. Wazazi wangu hawakuoza."

Nikamwuliza: "Na wale ambao hukuwanyoa, dada?"

Akafikiri. Kisha akasema, kwa uaminifu wake: "Hakuna ambaye sikumnyoa."

Hapo chumba kilinyamaza. Sidhani kama nimewahi kusikia maelezo bora zaidi ya maana ya utafiti, na yalitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akiupinga. Miaka 30 ya uzoefu wake ilikuwa kweli tupu. Ilikosa kitu kimoja tu, mama wa pili wa kumlinganisha na wa kwanza. Johnston na Sidall hawakumzidi dada yule akili wala huruma. Walichomzidi ni kwamba walithubutu kumwacha mmoja, wakatazama.

Tukaendelea kubishana siku ile, na hoja zake hazikuwa za kudharauliwa. Alisema daktari akitaka kushona mchaniko nywele zinamzuia kuona. Tukakubaliana kwamba anayeshonwa apunguzwe nywele kwa makasi, pale tu panapohitajika, wakati ule ule. Alisema mama asiyepigwa enema huenda akachafua kitanda wakati wa kusukuma. Tukakubaliana kwamba huenda ikatokea, na kwamba kazi ya kufuta ni yetu. Isitoshe, enema nayo huchafua, tena kwa majimaji yasiyozuilika. Alisema mwisho: "Tukiacha, na mama mmoja akipata usaha, nani atalaumiwa?" Hilo hatukuwa na jibu lake la haraka.

Nimelitafakari swali hilo la mwisho miaka mingi, kwa sababu nadhani ndilo linaloeleza kwa nini utaratibu uliopimwa mwaka 1922 ukaonekana hauna faida uliendelea kuishi miaka zaidi ya 70. Muuguzi anayefuata kitabu halaumiwi hata mgonjwa akipata madhara. Muuguzi anayekiacha kitabu hulaumiwa hata kama madhara yametoka kwingine. Kwa hiyo kitabu kinamkinga muuguzi, na tunadhani kwamba kwa sababu kinamkinga muuguzi basi kinamkinga na mgonjwa. Pengine ni hivyo. Mara nyingine sivyo.

Ipo sababu ya pili. Usafi unaoonekana hupendwa kuliko usafi uliopo. Mama aliyenyolewa, aliyeogeshwa na kuvikwa gauni jeupe anaonekana kwa sista anayekagua wodi. Mkono ulionawiwa na mkono usionawiwa huonekana sawa. Na ya tatu ni kwamba sisi wauguzi hatukulelewa kuuliza. Tulifundishwa kuwa maswali ni ya madaktari, nasi tuna mikono. Majarida yenye tafiti, hata pale yalipofika, yaliwekwa katika maktaba ya madaktari.

Ndiyo maana nilifurahi mno niliposoma habari za Jennifer Sleep. Huyu alikuwa mkunga wa Reading, Uingereza. Wakati ule kuongeza njia kwa makasi kulifanywa kwa wanawake wengi sana, kwa imani kwamba mkato ulionyooka unapona vizuri kuliko mchaniko. Yeye na madaktari wenzake waliwagawa akina mama 1,000 kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja la kukata kwa nadra na moja la kukata kwa wingi. Katika la kwanza walikatwa asilimia 10, katika la pili asilimia 51. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984: maumivu siku kumi baadaye na miezi mitatu baadaye hayakutofautiana, wala hali ya watoto. Kwa maneno mengine, wanawake wengi walikuwa wakikatwa bila faida. Swali hilo lilibebwa na mkunga, mtu wa zamu, na likabadili taratibu za nchi nyingi.

Hata hivyo, naogopa msomaji asije akaondoka na fikra kwamba kila kilichoandikwa na wazee kitupwe, na kila kinachoitwa utafiti kipokewe kwa magoti. Mimi mwenyewe nilipita katika kosa hilo, na kitovu ndicho kilichonizindua.

Torati yetu iliagiza kitovu cha mtoto kifutwe kwa spiriti kila siku hadi kidondoke. Tulifuta. Tena tuliwakaripia bibi waliotia majivu au mavi ya ng'ombe kitovuni, na kwa hilo sitaomba radhi, maana pepopunda ya watoto wachanga iliua wengi. Lakini mwaka 1998 wauguzi wa Kanada walichapisha matokeo yao kutoka kwa watoto 1,811. Vitovu vilivyofutwa kwa spiriti vilidondoka kwa wastani baada ya siku 9.8. Vilivyoachwa vikauke vyenyewe vilidondoka baada ya siku 8.2 hivi, na hakukuwa na mtoto aliyepata maambukizo upande wowote. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kitovu kiachwe kisafi na kikavu. Kumbe bibi alikosea kwa mavi ya ng'ombe, nasi tulikuwa tukijisumbua kwa spiriti, na wote wawili tulikuwa na shauku ile ile ya kupaka kitu.

Hadithi ingekuwa tamu kama ingeishia hapo. Haikuishia. Mwaka 2006 ulitoka utafiti mkubwa kutoka Nepal, wa watoto zaidi ya 15,000, ambako wengi huzaliwa nyumbani. Huko kitovu kilipopakwa dawa iitwayo klorheksidini, maambukizo makali ya kitovu yalipungua kwa robo tatu, na vifo vilionekana kupungua pia, hasa kwa waliopakwa ndani ya saa 24 za kwanza. Mwaka 2012 Pakistan na Bangladesh zilitoa matokeo ya kutia moyo. Wengi wetu tukasema basi, jibu limepatikana, dawa ipelekwe kila mahali.

Kisha swali likaletwa kwetu, katika kisiwa cha Pemba. Kuanzia Septemba 2011 hadi Machi 2014 waliandikishwa watoto wachanga 36,911. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016, vifo vilikuwa 10.5 katika kila watoto 1,000 upande wa dawa, na 11.7 upande wa kitovu kikavu. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu. Zambia nako, mwaka 2016, dawa haikuonekana kupunguza vifo. Yaani kilichosaidia katika vijiji vya Asia Kusini hakikuonekana kusaidia kwa kiasi hicho hicho huku kwetu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliandika upya pendekezo lake: kitovu kiwe kisafi na kikavu, na dawa ile itumike wiki ya kwanza pale tu ambapo watu wamezoea kupaka vitu vyenye madhara.

Nilipoyasoma ya Pemba nilijisikia kama nimekaripiwa na wavuvi wa kisiwa kile. Nilikuwa nimeacha kusema "ndiyo utaratibu" nikaanza kusema "ndiyo utafiti," kwa sauti ile ile ya kumnyamazisha mtu. Ushahidi nao una kwao. Una watu waliohesabiwa, mahali walipozaliwa, maji waliyooga, mkono uliowapokea. Kuuhamisha bila kuuliza ni sawa na kuuhamisha wembe kutoka hospitali za Ulaya hadi katika trei yangu.

Wala si kila jambo jema lina utafiti wake. Hakuna anayehitaji wanawake 1,000 wagawanywe kwa kura ili ajue kwamba mama mwenye uchungu aamkiwe kwa jina lake. Katika kamati yetu tulitambua hivyo, na hatimaye tukakubaliana kugawa taratibu zote katika mafungu matatu. La kwanza ni zile ambazo sababu yake imepimwa, kama kunawa mikono. La pili ni zile ambazo hazijapimwa lakini sababu yake inaelezeka na madhara yake ni madogo. La tatu ni zile ambazo kila tulipoulizana sababu yake tulitazamana. Fungu hilo la tatu lilikuwa refu kuliko tulivyopenda. Wembe wa leba na enema ya kila mama tulivifuta. Yule dada yangu mkubwa ndiye aliyepitisha mstari wa kalamu, kwa mkono wake, na hakuna aliyemwamuru.

Pembeni mwa kila utaratibu tulioubakiza tuliacha nafasi ya mistari miwili, na juu yake tukapiga taipu maneno haya: Kwa nini? Baadhi ya nafasi hizo tulizijaza. Nyingine tuliziacha tupu makusudi, ili muuguzi kijana azione zikiwa tupu.

Mwaka 2016 miongozo ya dunia ya kuzuia maambukizo ya upasuaji ilikataza kunyoa kwa wembe wakati wowote ule, na mwaka 2018 miongozo ya uzazi ilisisitiza tena kwamba mama asinyolewe wala asipigwe enema kama desturi. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu. Niliyasoma hayo nyumbani, sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilimkumbuka mama mtu mzima na dada yake, wakitembea usiku kurudi walikotoka.

Yeye hakuwa na jarida wala takwimu. Alikuwa na uzazi wa mara nne nyuma yake, ambao kwa hakika haukuhitaji wembe, na akauliza swali ambalo hospitali nzima haikuwa imeuliza. Kama ningeweza kulipata tena lile daftari la leba, ningelifungua ukurasa wa usiku ule, nikate neno nililoliandika, niandike mahali pake yaliyotokea: Aliuliza. Hakujibiwa. Akaondoka.